Mayai Kumi na Matano ya Mwavita

Zamani mtu wa Himbi, mtaa wa Goma, aliamshwa na jogoo wa jirani yake. Leo anaamshwa na jenereta ya jirani, na jirani mwenyewe hamjui jina wala sura, anajua geti lake tu na waya wa miba juu ya ukuta.

Muzee Cubaka alipenda kulisema neno hilo, na waliokaa kumsikiliza walizidi kupungua. Kiwanja chake alikinunua wakati Himbi ilikuwa mawe meusi ya volkeno na vichaka, na wenzake kazini walimcheka kwamba ametoa mshahara wake kununua mawe. Sasa nyumba yake ya mbao ilikuwa imebanwa kati ya kuta mbili ndefu za mashirika, kama mzigo uliosahauliwa na wapakiaji. Vijana wenye vitambulisho shingoni walikuja kupiga hodi, wakimuuliza kama anauza. Aliwajibu kwa Kifaransa cha vitabuni, kila neno mahali pake, mpaka wakaona haya ya Kifaransa chao wakaaga.

Kifaransa hicho hakukipata shuleni. Shule aliiacha darasa la nne huko Walungu, mwaka aliofariki baba yake. Alikiokota Bukavu, katika bohari ya kiwanda cha kwinini alikokuwa mtunza stoo, kwenye magazeti makuukuu yaliyofungiwa chupa, na katika kamusi isiyo na jalada ambayo padri mmoja alikuwa anataka kuitupa. Alisoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya sumu ya panya. Watu waliojifunza namna ile, kwa njaa, aliona wamekwisha. Walibaki wenye diploma tatu wasioweza kuandika barua ya kuomba ruhusa ya siku moja.

Katika mambo yote ya zamani, lililobaki uani kwake likiwa hai lilikuwa moja: kuku wa Mwavita.

Mwavita alikuwa mke wake. Siku alipotoka kwao kwenda kuolewa, mama yake alimpa kapu lenye kuku mmoja jike, wa kijivu mwenye madoadoa, miguu yake ina manyoya mpaka kwenye vidole, ili bintiye asianze maisha kwa kuomba yai kwa watu. Kutoka kwa kuku yule walitoka wengine, na kutoka kwa hao wengine tena, kwa miaka zaidi ya hamsini. Walivuka ziwa nao kwa meli walipohamia Goma. Mwaka lava ilipoingia mjini, Cubaka alibeba kamusi na godoro. Mwavita alivuka mpaka na jike mmoja chini ya kitenge, na jike yule akataga njiani. Ugonjwa ulipita mara kadhaa ukafagia mabanda ya mtaa mzima, lakini kwao alibaki daima mmoja au wawili, na madoadoa yakarudi. Mwavita alipokuwa amelala hospitalini, miaka minne iliyopita, hakusema mengi juu ya watoto, kwa kuwa walikwisha kuwa watu wazima. Alisema, akimwita kwa jina la binti yao: “Kuku zangu usizimalize, Papa Aurélie.” Kesho yake hakusema tena.

Na ni yeye Cubaka aliyewamaliza.

Kila mtoto wa upande ule wa mji anajua mazuku. Ni pumzi ya volkeno, haina rangi wala harufu. Inatoka katika nyufa za mawe na kulala mahali pa chini kama maji yanavyolala, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Mbuzi anashuka kula majani, na hapandi tena. Nyuma ya nyumba ya Cubaka palikuwa na shimo kama hilo katika mawe, lenye kina cha kimo cha mtu. Alilizungushia mawe tangu mwaka wa kwanza, akawachapa wanawe wote kwa zamu kwa sababu ya kulisogelea. Lakini ilipofika ile wiki ya risasi, vita vilipoingia mjini, habari zilizagaa kwamba wenye bunduki wanaingia kwenye viwanja, wanatoka na magodoro, simu na kuku. Jioni hiyo Cubaka alifikiri kama mtu aliyesoma: mahali ambapo hakuna anayethubutu kushuka ndipo mahali pa kuficha. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma vizuri. Alijiambia kwamba utafagia shimo. Aliwatia majike kumi na wawili na jogoo wao katika makapu mawili, akayashusha kwa kamba.

Upepo ulikufa kabla ya mapambazuko. Alipovuta makapu, kuku walikuwa wamelala ubavu, manyoya yao safi, bila tone la damu. Na katika kiwanja chake hakuwa ameingia mtu yeyote mwenye bunduki, siku ile wala siku zilizofuata.

Aurélie, binti yake aliyekuwa mwandishi katika ofisi ya shule ya masista, na ambaye alikuwa akiishi naye tangu mumewe afe, alimkuta ameketi jikoni na kikapu mapajani. Ndani yake mlikuwa na mayai yaliyofunikwa kwa maranda ya mbao. Mwavita alikuwa na desturi ya kuweka alama ya mkaa juu ya kila yai, mstari mmoja kwa siku ya kwanza, miwili kwa siku ya pili, ili koo atakapolala chini apewe mayai ya umri unaokaribiana. Na Cubaka aliiendeleza desturi hiyo bila hata kuifikiria. Mayai yalikuwa kumi na matano. La zamani kabisa lilikuwa na siku sita.

Yai halimngoji mtu. Wiki moja lina uhai, ya pili linaanza kuchoka, na baada ya hapo ni chakula tu. Kwa hiyo bunduki ziliponyamaza, Cubaka alivaa koti lake na kuzunguka mtaa akitafuta kuku anayetaka kulalia. Alikuta kuku wengi. Wote walikuwa wakubwa, weupe, wamefungiwa kwenye vyumba vya waya, wanataga mpaka siku ya kisu, na kulalia hawakujui. Mwanamke mmoja alimcheka kwa upole. Alimwambia kuku wa siku hizi kazi yake ni kutaga, kulalia waliachiwa mashine. Cubaka alirudi nyumbani akisema peke yake kwamba dunia imefika mahali ambapo hata kuku ameachishwa umama.

Hapo ndipo Aurélie alipokumbuka katoni iliyokuwa chini ya kitanda chake.

Miaka miwili nyuma, yeye na wanawake wenzake wa kwaya walikuwa wamechanga na kuagiza mashine ya kuangulia vifaranga kwa mfanyabiashara aendaye mbali. Ilipofika, kwaya ilikuwa imegawanyika kwa ugomvi wa vitambaa vya sikukuu, na hakuna aliyeifungua. Aurélie aliiburuta hadi sebuleni. “Papa, tuko na couveuse,” alisema. “Tujaribu.”

Cubaka aliitazama kama mtu aletewaye mchumba na wanawe. Ilikuwa sanduku la plastiki jeupe lenye mfuniko unaoonyesha ndani, feni ndogo kama ya redio, mifereji miwili ya maji, vijiti vinavyojizungusha chini ya mayai, na dirisha dogo ambamo tarakimu nyekundu zingewaka. Alisema hatayaweka mayai ya Mwavita ndani ya kitu kisicho na damu. Aurélie hakubishana. Alimwambia tu ahesabu mistari ya mkaa upya. Alihesabu. La zamani sasa lilikuwa na siku tisa.

Umeme haukuwa umerudi bado, na siku ile aliitumia kusoma. Karatasi ya maelezo ilikuwa na Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, lugha mbili ambazo hakupata kuzifungulia mlango. Hata hivyo alileta kamusi yake, akayatambua maneno yaliyofanana na ya Kifaransa kama watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali: joto, unyevu, hewa. Palikuwa na picha pia. Moja ilionyesha mkono juu ya mfuniko ulio wazi, na mkono umepigwa msalaba. Alihitimisha kwamba hiyo ni kwa watu wenye mikono michafu.

Umeme uliporudi siku iliyofuata, tarakimu ziliwaka zikapanda polepole mpaka thelathini na saba nukta nane, zikatulia. Aurélie alifurahi. Baba yake alitia ndani kipimajoto cha homa, akangoja, akakitoa: thelathini na tisa na ushei.

“Papa, mashine imeandika trente-sept virgule huit. Tuiamini basi.”

“Imeandika,” alisema Cubaka. “Hata gazeti linaandika.”

Iliwachukua nusu siku kugundua kitufe cha kusahihisha uongo wa mashine. Na hata baada ya kipimajoto na tarakimu kukubaliana, Cubaka hakutosheka. Alimtuma binti yake akachote maji, akafunga mlango, akachukua yai moja lililokwisha kukaa mle ndani kwa saa kadhaa, akaliweka juu ya kope ya jicho lake lililofumba. Hivyo ndivyo Mwavita alivyokuwa akifanya koo alipotoka kwenye kiota muda mrefu. Alisema mkono umezoea sufuria, hauwezi kusema kweli, lakini kope haijui kudanganya. Cubaka hakuwa amewahi kujaribu, lilikuwa jambo la wanawake. Yai lilikuwa na joto la kitu kilicho hai. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni hiyo Aurélie alifunika mashine kwa blanketi ili isipoteze joto, na hapo baba yake alikumbuka matundu madogo mawili yaliyochorwa kwenye karatasi yakiwa na mshale. Aliyatafuta, akayakuta chini ya blanketi, akarudi kwenye kamusi. Ndipo alipoelewa. Yai linapumua. Ganda lina vinyweleo kama ngozi, na kifaranga aliye ndani anavuta hewa kupitia humo. Alikuwa amekula mayai, ameuza mayai, ameyaweka chini ya makoo zaidi ya sabini, na alikuwa amefikisha umri wa miaka sabini na nane bila kujua hilo. Mama zao walikuwa wamekufa kwa kukosa kitu hichohicho. Aliondoa blanketi. Kisha alimwomba Aurélie washike mashine huku na huku, waitoe sakafuni, waiweke juu ya meza kubwa mahali pa televisheni. Televisheni ilienda chini. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, aliwasha mshumaa na kuusimamisha sakafuni, akatazama kama mwali utazimika. Haukuzimika hata mara moja. Lakini ardhi ya kiwanja chake hakuiamini tena.

Basi zikaanza siku ishirini na moja. Mtu aliyezoea koo hana la kufanya katika siku hizo ila kumwekea maji na punje na kufukuza watoto wasimsumbue. Mashine ilitaka kulelewa yenyewe. Ilitaka maji kila baada ya siku mbili. Ilitaka umeme, na umeme wa Goma ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ulipokatika, mashine ililia kwa mlio mwembamba, na Cubaka aliinuka na kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Alikuwa amechagua mawe sita ya volkeno, mepesi, yenye matundu, kila moja kama ngumi mbili. Aliyapasha moto, akayafunga kwa vitambaa, akayapanga kuzunguka sanduku, akafunika kwa blanketi, matundu ya hewa wazi. Jiwe la volkeno halisahau moto upesi. Na alipokuwa akiyapanga alijiuliza, kwa uchungu wa kawaida yake, ni nani aliyekuwa anamlalia nani.

Makaa aliletewa na Masika, mwanamke wa Kalengera, upande wa Rutshuru, ambaye vita vilimtoa kwao, naye alikuwa akihifadhiwa kwa watu huko Kanyaruchinya, nje ya mji. Alifika Jumanne na Ijumaa na gunia mgongoni, akakaa kwenye ngazi kupumzika. Alikuwa na ulimi. Alipoonyeshwa sanduku na mawe yake yaliyovishwa vitambaa, alilizunguka mara mbili, akauliza kama Muzee ameoa tena bila kutangaza kanisani. Cubaka, ambaye hakuwa amecheka tangu wiki ya risasi, aligeuza uso kwanza, ndipo akacheka.

Siku ya saba Aurélie alizima taa, akawasha tochi ya simu, na baba yake akayapitisha mayai mbele ya mwanga moja baada ya jingine. Mwavita alitumia ufa wa mlango na jua la saa tatu. Mayai sita yalikuwa meupe ndani kama maji, yamechelewa. Katika tisa mlikuwa na mishipa myembamba mithili ya mizizi, na katikati ya mizizi nukta iliyokuwa ikitikisika. Cubaka alilirudisha la tisa mahali pake kwa mikono miwili. Alisema tisa wanatosha. Aurélie alimsikia akilisema tena chumbani kwake, kwa sauti ya mtu anayempa habari mwingine.

Siku ya ishirini, baada ya misa ya asubuhi, mayai yalianza kulia. Sauti ilikuwa ndogo, ya mbali, kama redio ya jirani. Ufa ulionekana kwenye yai moja, kisha kwenye mawili. Aurélie alikuwa ameenda sokoni. Cubaka aliketi kitini mbele ya mashine, akatazama, na kila alivyotazama ndivyo alivyozidi kumwona Mwavita akipiga magoti kando ya kiota wakati wa kiangazi, anachovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu, ananyunyizia mayai yanayopasuka ili ganda lilainike. Alifanya hivyo kila mara, na vifaranga walitoka. Basi Cubaka alipasha maji, akayajaribu kwa kiwiko, akafungua mfuniko, akanyunyiza. Akangoja. Akafungua tena. Akafungua mara ya tatu, mara ya nne.

Chini ya koo, mvuke wa mwili hautoki. Mama yuko juu ya mayai kama kifuniko cha chungu. Mle ndani ya mashine, kila mfuniko ulipoinuliwa, unyevu wote uliruka ukaenda dirishani, na utando ulio ndani ya ganda ukakauka ukamkumbatia kifaranga kama karatasi iliyolowa gundi. Watano walikuwa wamekwisha kufika mbali, wakatoka. Wanne walipiga ganda mpaka jioni, kisha wakaacha. Cubaka alipovunja ganda lao alikuta wamekamilika, kucha, mdomo, na manyoya miguuni. Aurélie aliporudi alimwona ameshika ile karatasi ya maelezo, kidole chake juu ya picha ya mkono uliopigwa msalaba.

“Nilifanya kama mama yako,” alisema.

Aurélie alijibu kwamba mama mwenyewe, angekuwapo, angefanya hivyohivyo. Lilikuwa neno la huruma, na pengine lilikuwa kweli, na halikumsaidia.

Watano waliobaki walikauka wakawa mipira ya kijivu, na madoadoa yalianza kuonekana baada ya wiki. Aliwaweka kwenye katoni iliyokuwa ya mashine, chini ya balbu. Walikula, walikunywa, walikua. Na Cubaka alikuwa karibu kufurahi, mpaka alipowatoa uani. Kwanza walifuata kandambili zake. Kokote kandambili zilikoenda, walikwenda. Alipozivua akaingia ndani, walilala juu yake. Hawakujua kuparua udongo: alipowamwagia unga walikula, usipokuwepo walisimama wakimtazama. Alijaribu kuparua kwa kijiti ili waone, akainama mpaka kiuno kikamkatalia. Alijaribu na sauti ya koo, ile ya kuita chakula na ile ya hatari, na mlinzi wa shirika la jirani alichungulia juu ya ukuta kuona kuna nini. Vifaranga hawakusikia neno lolote katika kelele zile.

Mwewe wa Himbi hana haraka. Alishuka mchana kweupe, hatua tano kutoka alipoketi Cubaka, na vifaranga wote watano walikuwa wamesimama wazi wakimtazama anavyoshuka, kama watu wanaotazama ndege ya abiria. Akapaa na mmoja.

Ijumaa Masika alipokuja na makaa, alimkuta Muzee amewafungia wanne waliobaki ndani ya nyumba. Alichuchumaa, akawaita kwa ulimi, wakabaki wanamtazama.

“Hizi si kuku, Papa Cubaka,” alisema. “Hizi ni batoto ba umeme. Zikisikia njaa zitalilia priza ya ukutani.”

“Mama zao walikufa kwa kosa langu,” alijibu Cubaka.

Hakuwa amelisema kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Masika aliacha kucheka. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, na kwa utaratibu akaeleza kwamba huko Kanyaruchinya, chini ya kitanda chake, alikuwa na koo aliyetoa watoto wiki mbili zilizopita, kuku wa Kalengera mkali anayewapiga mbwa. Jioni, gizani, koo hahesabu. Ukimsogezea watoto wa umri mmoja na wake, anaamka nao asubuhi na wote ni wake. Kwao jambo hilo lina mpango wake unaojulikana: mwenye kuku anatoa, mlezi analea, na uzao wa kwanza wanagawana nusu kwa nusu.

Cubaka aliujua mpango huo. Ulikuwapo Walungu pia, na mtu wa siku zile alikuwa na kuku katika nyumba kumi bila kuwa na banda kwake. Hakuwa amesikia mtu akiutaja kwa miaka thelathini, na aliyeutaja sasa alikuwa mwanamke asiye na nyumba. Bado alikataa. Alisema hao ni wa mwisho, wakifa njiani hakuna wengine. Masika alimwambia afikiri mpaka Jumanne.

Alifikiri. Aliwatazama wakilala juu ya kandambili zake. Aliona kwamba angeweza kuwafungia hapo mpaka wazeeke, wenye madoadoa na miguu ya manyoya kama inavyotakiwa, na siku jike atakapotaga hatajua kulalia, maana hakuna aliyemlalia. Na yai lake litarudi kwenye sanduku, na sanduku litahitaji mtu wa kulipashia mawe. Mashine ilikuwa imempa vifaranga. Haikuwa imempa kuku, na yeye kwa kamusi yake yote asingeweza kuwafundisha. Jumanne aliwatia kwenye kapu mwenyewe. Alimpa Masika pia gunia dogo la mahindi yaliyosagwa, na maelekezo marefu, ambayo Masika aliyasikiliza mpaka mwisho kwa heshima bila kukusudia kufuata hata moja.

Kwa majuma saba alipata habari zao pamoja na makaa. Koo aliwapokea. Koo alimpiga mmoja. Wameanza kuparua. Mmoja ni jogoo, anajaribu kuwika na anaaibisha ukoo. Kisha Ijumaa moja Masika hakuja, na Jumanne hakuja, na Aurélie akasikia shuleni kwamba watu wa upande wa Rutshuru waliobaki Kanyaruchinya wanarudi makwao.

Cubaka alichukua kapu tupu, akapanda pikipiki. Njiani alijipangia maneno: apate angalau wawili, jike na jogoo, kabla ya Kalengera kuwameza. Alikuwa na haki hiyo. Alimkuta Masika mbele ya nyumba ya waliomhifadhi, anafunga sufuria, blanketi na godoro kwenye mlima wa mizigo ya watu wengine, kando ya barabara kuu ambapo lori lilikuwa likipakia. Masika alimwona na kapu lake, akaelewa. Hakujitetea. Alimwambia wako kule nyuma, achague anaotaka, hata wote wanne; uzao wa kugawana haujazaliwa bado.

Aliwakuta kwenye kiwanja chenye mawe, pamoja na koo mwekundu na watoto wake saba. Walikuwa wamekua, madoadoa yote yametoka, na miguu yao ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye manyoya. Walikuwa wanaparua. Alivua kandambili moja akaipiga chini taratibu, kama alivyozoea kufanya sebuleni. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama kwa jicho la upande, akarudi kwenye kazi yake. Kisha koo alitoa sauti moja fupi, ya ndani ya koromeo, na uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Wote kumi na wawili, koo na watoto, walikuwa chini ya mkokoteni uliovunjika. Cubaka alitazama juu. Mwewe alikuwa mbali bado, nukta tu upande wa volkeno, yeye asingemwona.

Alirudi barabarani na kapu likiwa tupu. Masika alimuuliza kama wamemshinda mbio. Alijibu kwamba hatenganishi watoto na mama yao. Kisha alimwomba jambo moja, na alilisema kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha vitabuni.

“Mama, usizimalize.”

“Sitazimaliza, Papa. Na zako nitakuwekea kule. Utakuja kuona.”

Wote wawili walijua barabara ile na umri wa Cubaka. Alimsaidia kumkamata koo, wakamfunga miguu na kumtia kapuni. Watoto waliingia wenyewe wakimfuata. Kapu liliinuliwa, likafungwa juu kabisa, juu ya magodoro, kwa kamba ya katani. Lori liliwaka, likatoa moshi mweusi, likaanza kupanda kuelekea kaskazini, na kupitia matundu ya kapu vichwa vinne vya kijivu vilitoka kimoja kimoja, vikipepesa macho kwa upepo, vikitazama mbele.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipowaona.